Mizinga ya Mahasimu Wawili: Fort Jesus, Mombasa

Mzinga wa kwanza kati ya miwili iliyomo katika ngome ya Fort Jesus, wenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 10.5, ulitoka katika Königsberg, manowari (yaani meli ya kivita) ya Wajerumani ambayo tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Unguja ili mitambo yake itengenezwe. Mzinga wa pili, unaokaribiana nao kwa ukubwa lakini usioweza kufikisha makombora mbali kama huo, ni wa Pegasus yenyewe.

Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, mahali mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini, hadi Julai 1915, ilipopigwa na Waingereza na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu katika karakana ya Dar es Salaam, kisha ikakokotwa misituni na vilimani na wapagazi wa Kiafrika, ambao majina yao, tofauti na ya meli hizi, hayakumbukwi, ikatumika katika vita vya nchi kavu. Mzinga mwingine wa Königsberg umehifadhiwa Pretoria, Afrika Kusini.