Bure, Lakini Dawa Hakuna

Umewahi toka dispensari na karatasi badala ya dawa? Umeonwa bure kabisa, halafu unaambiwa, "Hiyo haiko, enda ununue kemisti." Wengi hudhani hii stori ilianza na SHA ama na kaunti. Wapi! Imetuzidi umri.

Mwaka wa 1965 serikali changa ya Kenya ilifuta ile shilingi 5 iliyoachwa na mkoloni, matibabu ya wagonjwa wasiolazwa yakawa bure. Sawa. Lakini neno bure halijazi rafu, na vituo vya mashambani viliendelea kuishiwa. Ndio 1981 ukaja mpango wa maboksi: dawa muhimu zinahesabiwa kulingana na wagonjwa wanaotarajiwa, boksi linapigwa sili, linasafirishwa hadi kituoni. Hakuna kuagiza, unaletewa. Shida zilikuwepo, maanake boksi halijui kama uko ziwani kwenye malaria ama mlimani kwenye kikohozi. Lakini mimi naona hao watu walikuwa wameshika swali lenyewe: dawa itafikaje?

Baadaye tukarudi kubishana kuhusu bei. Desemba 1989, mambo ya kuchangia gharama yakaanza, na wagonjwa wakapungua vituoni. 1990 ada ya kuandikisha jina ikasimamishwa. Iliporudi, ilikuwa imehamishiwa kwenye matibabu yenyewe, na hapo angalau kulikuwa na haki kidogo, kwa sababu nani anataka kulipia karatasi? 2004 ikawa shilingi 10 dispensari na 20 kwa kituo cha afya. Juni 2013 hizo nazo zikafutwa, watu wakapiga makofi.

Sasa angalia kitu kilichopita kimyakimya mwaka huohuo wa 2013: kazi ya kununua dawa za vituo hivi ikaenda kaunti. Siku hizi kaunti inaagiza KEMSA na inafaa ilipe. Deni likikaa, oda inakaa. Nesi wa dispensari yenu hana uwezo wowote hapo, na bado ni yeye anatukanwa dirishani.

2027 wataanza kupita mtaani na hilo neno bure. Mwulize mgombea wa ugavana maswali mawili tu: kaunti yetu inadaiwa pesa ngapi na KEMSA, na mara ya mwisho dawa kufika hapa ilikuwa lini?