Faranga Moja kwa Mwaka: Habari ya Mapatano ya Bandari ya Dar es Salaam

Mtu atokaye Kariakoo asubuhi, akapita Mnazi Mmoja, akafika kwenye sanamu ya Askari na kushuka pwani, ataiona bandari kabla jua halijawa kali. Njia hiyo ni fupi, lakini mna habari ndefu ndani yake. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi kazi ya mabalozi na wajumbe wa dola, ile iitwayo diplomasia, inavyogeuza mambo ya watu walio mbali sana na meza yake. Wengi hudhani ya kuwa siasa ya ulimwengu huamuliwa kwa mizinga tu. Ni kweli mizinga huvunja mlango; lakini ni nani atakayeingia, na atakaa chumba gani, hayo huandikwa kwa kalamu.

Tuanze na jina la Kariakoo lenyewe. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, yakauteka mji kwa Wajerumani. Wapagazi wa jeshi, ambao kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, wakawekwa mahali pale penye soko leo, na watu wakalitamka jina lile kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wapagazi hao walichukua vyakula na risasi vichwani, porini na mabondeni, na wengi waliokufa waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Ile sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, imewekwa kwa ukumbusho wa askari na wapagazi pia.

Basi, wakati Waingereza walipokuwa wakishika pwani, Wabelgiji nao waliingia kutoka Kongo. Waliishika Ruanda na Urundi, wakaichukua Kigoma, na mwezi huo huo wa Septemba 1916 wakaingia Tabora. Hivyo vita vilipokwisha dola mbili zilikuwa na madai juu ya nchi moja. Na nchi hiyo ilikuwa na kitu cha thamani kubwa, yaani reli iliyotoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Mwenye kuishika reli ile alikuwa ameshika njia ya mashariki ya Kongo kwenda baharini.

Mwaka 1919 dola zilizoshinda zilikutana Paris kufanya mapatano ya amani. Mwezi wa Mei ilikatwa shauri ya kwamba Afrika Mashariki ya Wajerumani iwe chini ya Uingereza. Wabelgiji wakalalamika, wakisema kwamba damu yao nayo ilimwagika. Hapo ndipo kazi ya wajumbe ilipoonekana. Lord Milner kwa upande wa Waingereza na Pierre Orts kwa upande wa Wabelgiji walikaa pamoja, na tarehe 30 Mei 1919 wakapatana: Ruanda na Urundi ziende kwa Ubelgiji, na sehemu kubwa iliyobaki, ambayo baadaye ilipewa jina la Tanganyika, iwe ya Uingereza. Watu wa milki moja ya jana wakawa watu wa nchi mbalimbali, pasipo risasi hata moja.

Lakini Ubelgiji ilitaka pia mlango wa bahari. Kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921 yaliandikwa mapatano mengine. Wabelgiji walipewa kiwanja katika bandari ya Dar es Salaam na kingine Kigoma, ili mizigo yao ipite bila kutozwa ushuru. Kodi ya viwanja hivyo ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Na muda wake ulikuwa wa milele.

Twaomba msomaji alitazame neno hilo la milele. Wakati ule Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza. Kwa mashauri ya amani ya mwaka 1919, nchi zilizotoka mikononi mwa Wajerumani zilikuwa ziwekwe chini ya ulinzi wa Chama cha Mataifa, na dola iliyopewa nchi ilipewa kama mdhamini. Hata hati ya udhamini wa Tanganyika ilikuwa haijathibitishwa; ilithibitishwa mwezi wa Julai 1922. Mtu aliyepewa shamba la yatima alitunze, naye akalipangisha kwa jirani hata mwisho wa dunia, je, yatima akikua atasema nini?

Katika mashauri hayo yote, ya Paris na ya mwaka 1921, hakuulizwa mwenyeji wa Kigoma, wala mtu wa Ruanda, wala mpagazi wa Kariakoo aliyebaki hai. Wazee wetu husema, asiyekuwapo na lake halipo. Hii ndiyo desturi ya diplomasia iliyowaumiza watu wengi: haikumwuliza mwenye haki, ila ilimsikiliza yule aliyekaa mezani.

Miaka arobaini ikapita. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Tanganyika ikawa karibu kupata wake. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisimama mbele ya Baraza la Taifa katika mji huu wa Dar es Salaam akaitolea hoja habari ya viwanja vile. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Uingereza ilikuwa na haki ya muda tu katika Tanganyika. Na mwenye haki ya muda hawezi kutoa haki ya milele. Kwa hiyo Tanganyika huru haifungwi na mapatano yale. Wala hakusema kwamba jirani anyimwe njia. Alisema ya kuwa nchi huru yaweza kuwapa wengine nafasi katika ardhi yake, mradi iwe kwa hiari yake na bila kupunguza enzi yake.

Twaona ya kuwa hapa pana fundisho kubwa. Tanganyika haikuwa na manowari wala majeshi ya kuitisha Ulaya. Ilikuwa na hoja, na hoja ile iliandikwa katika lugha ile ile ya mabalozi iliyotumika kuufunga mji wetu. Mwezi wa Desemba 1961 serikali yake ikapeleka habari kwa Umoja wa Mataifa kwamba mapatano yaliyofanywa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika na dola moja moja yataendelea kwa miaka miwili, ili yapate kuchunguzwa. Yatakayofaa yafanywe upya, na yasiyofaa yakome. Uganda na Kenya zilipopata uhuru zikashika njia iliyofanana na hiyo, na wanasheria wa ulimwengu wakaipa jina la Nyerere.

Hatusemi kwamba hoja peke yake yatosha siku zote. Mwaka 1961 nyakati zilikuwa zimegeuka: Ubelgiji ilikwisha kutoka Kongo, na Uingereza ilikuwa ikiondoka Tanganyika. Lakini nyakati hugeuka kwa watu wote, na humfaa yule aliyekwisha kutayarisha neno lake. Kama pasingalikuwapo mtu wa kusema, faranga ile moja ingaliendelea kulipwa, na watu wangalidhani ndivyo sheria ilivyo.

Leo mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ingali ikipita katika bandari ya Dar es Salaam, na wafanyabiashara wa nchi hizo huja Kariakoo kununua bidhaa. Jirani hakufungiwa njia. Sasa hupatana na mwenye nyumba mwenyewe. Basi mtu apitaye sokoni na kulisikia jina la Kariakoo na akumbuke wale wapagazi waliobeba mzigo wa vita, kisha wasiitwe kwenye mashauri ya amani. Na kila itakaposikika kwamba wakubwa wamekutana mahali fulani kutia sahihi mapatano, yafaa tuulize maneno mawili: ni nani aliyekaa mezani, na ni nani asiyekuwapo?