Nafasi ya Lugha katika Miongozo ya Ufikivu wa Wavuti, 1999–2023: Mtazamo kutoka Shimoni

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza yaliyoipata lugha katika miongozo ya ufikivu wa wavuti, yaani kanuni zinazowaelekeza watengenezaji wa kurasa za intaneti ili kurasa hizo zitumiwe na watu wote, wakiwemo vipofu, viziwi na wenye ulemavu wa viungo au wa kujifunza. Miongozo hiyo hutolewa na shirika la kimataifa la W3C. Toleo la kwanza lilitoka Mei 1999; la pili, 2.0, Desemba 2008. Kisha yakafuata 2.1 Juni 2018 na 2.2 Oktoba 2023. Aghalabu historia hii husimuliwa na mafundi, tena kwa hesabu: masharti 61 ya mwaka 2008 yakawa 78, kisha 86. Hesabu ni sahihi, ila imelifunika jambo linalotuhusu sisi wa taaluma ya lugha.

Tumeichagua Shimoni, katika Kaunti ya Kwale, iwe mahali pa kupimia. Ng'ambo ya mlango wa bahari kipo kisiwa cha Wasini. Kijiji cha Wasini hunena Kivumba, ambacho husikika pia Vanga. Mkwiro, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa hichohicho, hunena Chichifundi. Na bara yake ni ya Wadigo. H. E. Lambert alikwisha kuzieleza lahaja hizi mbili za Kiswahili katika vitabu vyake vya mwaka 1957 na 1958. Basi mtu asiyeona wa hapo, akitaka kusomewa tangazo kwa simu, atasomewa kwa lugha gani?

Toleo la 1999 lilikuwa na miongozo 14, na chini yake vipengele vilivyopangwa kwa vipaumbele vitatu. Kipengele cha 4.1 kilidai kwamba kila lugha inapobadilika ndani ya matini, badiliko hilo litiwe alama. Nacho kilikuwa cha kipaumbele cha kwanza. Kutaja lugha kuu ya waraka mzima (4.3) kuliachwa katika kipaumbele cha tatu. Toleo la 2008 liligeuza mpangilio huo: lugha ya ukurasa mzima ikapandishwa hadi ngazi ya A, ambayo ndiyo ya lazima kabisa, na lugha ya sehemu za matini ikashuka hadi AA.

Kwa maoni yetu mageuzi haya yalikuwa ya haki, na yalimfaa Mswahili kuliko wengi. Programu ya kusomea skrini huchagua matamshi kwa kufuata alama ya lugha. Ukurasa wa Kiswahili uliotiwa alama ya Kiingereza, kosa ambalo hutokea kwa urahisi kwa kuwa violezo vingi huja na alama hiyo tayari, husomwa kwa sauti ya Kiingereza. Hapo neno la faraja, *pole*, hugeuka kuwa nguzo, na *wake* wa mtu hugeuka kuwa kuamka. Msomaji mwenye macho hana habari kwamba kuna kosa lolote; asiyeona ndiye anayeachiwa kelele.

Lakini kuna jingine lililoshuka, nalo hatuwezi kulisifu. Mwaka 1999 kipengele cha 14.1 kilidai lugha iliyo wazi na nyepesi kadiri maudhui yanavyoruhusu, na kiliwekwa katika kipaumbele cha kwanza. Mwaka 2008 dai hilo lilibadilishwa na kuwa sharti la 3.1.5, kiwango cha usomaji, likapelekwa ngazi ya AAA, ambayo wachache hulazimika kuifikia. Sababu yake yaeleweka: toleo la pili lilitaka kila sharti liweze kupimwa, na "uwazi" haupimiki. Kipimo kilichowekwa ni elimu ya sekondari ya awali. Matini ikizidi hapo, yatakiwa pawepo maelezo ya ziada au matini nyingine iliyo nyepesi.

Hapa mwanaisimu hana budi kuuliza: kipimo hicho kinapimwaje kwa Kiswahili? Fomula mashuhuri ya Rudolf Flesch, ya mwaka 1948, huhesabu silabi za neno na urefu wa sentensi, nayo iliundwa kwa Kiingereza. Miongozo yenyewe hailazimishi fomula hiyo, lakini mwenye kutafuta nambari ya haraka huikimbilia. *Tutakapowapelekea* lina silabi tisa, na mtoto asiyeanza shule hulielewa anapoambiwa na mamaye. Kwa Flesch hilo ni neno zito. Kinyume chake, *hati miliki* ni maneno mafupi, na huenda mvuvi mzima asiyajue. Ugumu wa Kiswahili haumo katika wingi wa viambishi.

Toleo la 2.1 liliwafikiria watumiaji wa simu na wenye uoni hafifu. Ukurasa usilazimishwe kutazamwa kwa mkao mmoja wa skrini, na maandishi yajipange upya yanapokuzwa. Toleo la 2.2 liliongeza masharti tisa na kufuta moja: vibonye visiwe vidogo mno, mtu asidaiwe kuandika upya habari aliyokwisha kuitoa, asilazimishwe mtihani wa kumbukumbu ili aingie. Yote mema, na Shimoni, ambako simu ndiyo mlango wa intaneti, yanahitajika. Hata hivyo fungu la 3.1, ambalo ndilo la lugha, lilibaki kama lilivyoandikwa mwaka 2008. Macho na vidole vilipata. Ulimi haukupata kitu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7(3), imeweka pamoja wajibu wa kulinda lugha anuwai za wananchi na wajibu wa kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu. Miongozo ya wavuti inategemea orodha ya alama za lugha, na katika ISO 639-3 Kimwani cha Msumbiji kina alama yake, wmw, Kiswahili cha Kongo kina swc, ilhali Kivumba na Chichifundi vimefunikwa na swh. Hatudai kwamba ni lugha mbali. Lakini utaratibu wa RFC 5646, wa mwaka 2009, huruhusu lahaja isajiliwe chini ya lugha yake, na programu isiyoijua itasoma Kiswahili cha kawaida bila hasara. Fomu ya maombi huuliza jina, maana, na kitabu au makala yaliyoieleza lahaja hiyo. Vitabu vya Lambert vingeweza kutajwa katika nafasi hiyo, na mwombaji anaweza kuwa mtu yeyote.