Miiba na Matairi ya Trekta Ndogo

Ukilitazama tairi la trekta ndogo kwa mbali unaona meno manene ya mpira yaliyopangwa mshazari, na unaamini hakuna kitu cha porini kitakachoweza kulitoboa. Lakini meno hayo yanashika sehemu ndogo tu ya uso wa tairi. Kati ya jino na jino mpira ni mwembamba, na hapo ndipo mwiba unapopita. Matairi ya saizi ya 4.00-8 na 6.00-12, ambayo hufungwa kwenye motokulta, yaani trekta ndogo hizo (Tanzania huitwa pawatila, na zilienea huko hasa baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya 2009), hutengenezwa yawe mepesi ili injini ndogo iweze kuyasukuma. Wepesi huo una gharama yake, nayo hulipwa shambani.

Mfano wa shamba la namna hiyo ni Manika, jina la uwanda wa juu katika jimbo la Lualaba, Kongo, na pia la mojawapo ya komuni mbili za mji wa Kolwezi. Ya pili ni Dilala. Mji ulianzishwa 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya shaba, na tangu 2015 ndio makao makuu ya jimbo. Uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juu ya uwanda wenyewe miti ni michache: mchanga umefunikwa na nyasi, na mimea mingi huficha mashina yake ardhini, kiasi kwamba kinachoonekana ni matawi mafupi yanayochipua kila moto unapopita. Miiba huanza kuwa tatizo mtu anaposhuka kuelekea mabondeni, kwenye kingo za miombo, kwenye mashamba yaliyoachwa, na kando ya njia za kubebea mahindi na makaa.

Akasia wa ukanda huu wana silaha za aina mbili. *Senegalia polyacantha* ana miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka. Huchana nguo na ngozi, lakini mara chache huzama ndani ya tairi. *Vachellia sieberiana* ana miiba iliyonyooka, myeupe, inayoweza kufikia karibu sentimita 10, na tawi lake kavu likianguka njiani, daima kuna mwiba unaotazama juu. (Zamani wote wawili waliitwa *Acacia*; mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005 ndio uliowaachia akasia wa Australia jina hilo.) Adui wa tatu, ambaye si akasia, ni mkulagembe, *Dichrostachys cinerea*, ambaye matawi yake ya pembeni huishia kwenye ncha ngumu. Hupenda mashamba yaliyochoka, na asipong'olewa na mizizi yake hurudi akiwa mnene kuliko mwanzo.

Lakini adui mkubwa kuliko hao watatu hutengenezwa na mkono wa mkulima mwenyewe. Kichaka kinapofyekwa kwa panga, kila shina hukatwa mshazari na kubaki limesimama kwa urefu wa kifundo cha mguu. Kisha moto wa kiangazi unapita, unachoma majani na kuacha vijiti vimekauka, vyeusi, vimechongoka. Nyasi zikiota tena havionekani. Kisiki cha namna hiyo hupiga ubavu wa tairi, mahali ambapo hakuna kiraka kinachodumu.

Na kakati je? Jamii ya kakati asili yake ni Amerika, na mimea ya ukanda huu inayofanana nayo ni euforbia, ambayo hatari yake kubwa ni utomvu unaounguza macho. Anayetaka kuona mpungate, aina ya kakati, ukiharibu malisho aende Laikipia, Kenya, ambako umetapakaa kwenye nyanda za wafugaji. Kule wamejifunza jambo ambalo kila dereva wa trekta anapaswa kulijua: kuukanyaga mpungate si kuuangamiza. Kila kipande kinachobaki ardhini kinaweza kuota mizizi, na kile kilichonasa kwenye meno ya tairi husafirishwa hadi shamba la jirani. Katika kaunti jirani ya Baringo kuna mathenge, *Prosopis juliflora*, mti uliopandwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na ambao miiba yake hutoboa hata matairi ya magari.

Kinga ya kwanza, basi, ni ya ardhi. Visiki ving'olewe kwa jembe, au vikatwe usawa wa udongo. Matawi ya miiba yakusanywe na kuchomwa mahali pamoja, pasipo njia. Kazi hiyo inachosha, lakini visiki vikishang'olewa na mizizi yake haihitaji kurudiwa mara kwa mara.

Kinga ya pili ni utandiko wa ndani, na hii ndiyo inayofaa zaidi kwa mfuko wa mkulima. Fundi huchukua tairi kuukuu la pikipiki, huliondolea kingo zenye waya, kisha hulilaza kati ya tairi na mpira wa ndani. Ncha zake lazima zichongwe ziwe nyembamba na unga wa talki upakwe kote, la sivyo utandiko wenyewe utausugua mpira mpaka utoboke. Majimaji ya kuziba matundu, yenye nyuzi na chembe za mpira, husaidia kwa tundu dogo la milimita chache kwenye uso wa tairi. Kwa ubavu hayafai kitu, na katika mpira wa ndani hufanya kazi kwa shida kwa sababu tundu lake hutanuka. Povu la poliurethani hujaza tairi likawa gumu kabisa. Mitambo ya migodini huvumilia uzito huo, lakini motokulta hulemewa, na tairi likichakaa povu huenda nalo. Kurudi kwenye magurudumu ya chuma, yaliyokuwa ya kawaida kwenye trekta kabla mtengenezaji wa matairi Harvey Firestone na kampuni ya trekta ya Allis-Chalmers hawajaleta matairi ya upepo mwaka 1932, kunafaa kwenye tope la mpunga, si kwenye barabara ya kwenda sokoni.

Tairi likishatoboka, kosa moja hurudiwa kila mahali. Kwado, kama fundi wa matairi anavyoitwa Kongo, huuzamisha mpira majini, huona mapovu, hubandika kiraka, huurudisha. Kesho yake unatoboka palepale. Ncha ya mwiba ilikuwa bado imekwama ndani ya tairi, imefichika kwenye nyuzi. Ni lazima kupitisha kitambaa ndani ya tairi zima, kisha kuikamata ncha kwa koleo na kuivuta. Dakika hizo tano huokoa siku nzima.

Fedha za trekta na za vifaa hivi zinaweza kutoka migodini. Moïse Katumbi, akiwa gavana wa Katanga, jimbo la zamani lililoijumuisha Lualaba, kati ya 2007 na 2015, aliyasukuma makampuni ya madini yalime mahindi, katika eneo lililotegemea sana unga wa Zambia. Sheria ya madini ya 2018 nayo inayataka makampuni yatenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka. Kamati za vijiji zinazopanga matumizi ya fedha hizo na kuomba trekta ziandike kwenye orodha hiyohiyo mipira minne ya akiba, pampu ya mguu, koleo, gundi na viraka, na ziulize kabla ya kupokea funguo ni kwado gani atakayevitunza.