Bukoba na Kilima Chake
Mji wa Bukoba huhesabiwa tangu 1890, Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1892 Mapadre Weupe, waliofukuzwa na vita vya dini vya Buganda, walifungua misheni Kashozi, kaskazini ya mji. Jina hilo la Kihaya, yaani 'kilima kidogo', limehifadhi ka- ya udogo, ambayo katika Kiswahili sanifu nafasi yake imetwaliwa na ki-. Serikali ilishika ufuko, kanisa likashika kilima. Anayeuandika mji kwa nyaraka za boma peke yake huliacha kaburi la Kardinali Rugambwa, aliyefariki 1997: lilikuwa Kashozi hadi 2012, mwili ulipohamishiwa kanisa kuu mjini.