Mipango Sitini kwa Saa

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 28 Agosti 2023, mtambo unaopokea mipango ya safari za ndege katika NATS, shirika la kuongoza ndege la Uingereza, ulifikiwa na mpango wa ndege itokayo Los Angeles kwenda Paris, ambao ndani yake mlikuwamo vituo viwili vya angani vyenye alama moja ya herufi tatu, DVL: kimoja ni cha Deauville huko Ufaransa, na cha pili ni cha Devils Lake katika jimbo la North Dakota, Marekani. Mtambo haukuweza kuvipambanua, ukajifunga. Na mtambo wa akiba, uliokuwa pacha wake kwa kila hali, ukaletewa mpango ule ule ukafanya vile vile, yote hayo katika muda wa sekunde 20.

Insafu yatudai tukiri kwamba mtambo ule, kwa kunyamaza badala ya kumpa mwongoza ndege habari za uongo, ulitenda kama ulivyoagizwa. Rada na redio zilibaki salama, na hapakutokea ajali. Walakini mipango ilipasa kuingizwa kwa mikono, takriban 60 kwa saa, ilhali mtambo huweza kuingiza mamia kadhaa, na abiria zaidi ya 700,000 wakataabika.

Aghalabu huambiwa, baada ya masaibu ya namna hii, kwamba binadamu ni mstahimilivu kwa tabia yake. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Ile 60 si kipimo cha ushupavu wa nyoyo, bali ni kipimo cha akiba ya ustadi iliyokuwa imewekwa kabla ya dharura, pamoja na idhini, ambayo ni adimu kuliko ustadi, ya kuamuru ndege zisiruke hata zipatikane nafasi. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia wa Uingereza, alikwisha kuonya kwamba kadiri mashine inavyozidi kutegemewa, ndivyo mtu anavyohitajiwa zaidi siku ya kuharibika kwake, naye ndiye aliyenyimwa mazoezi.

Akiba ikiwapo, huonekana. Moto ulipoteketeza mitambo ya mawasiliano ya kituo cha kuongoza ndege cha Aurora karibu na Chicago, tarehe 26 Septemba 2014, vituo jirani viligawana anga yake, na waongoza ndege wake, ambao desturi ya kazi yao Marekani ni kujifunza kuichora ramani ya anga yao kwa kichwa, walifunga safari kwenda kuwasaidia wenzao, hata kituo kilipofunguliwa tena tarehe 13 Oktoba.

Huko Uingereza ustadi haukukosekana. Ulikuwa mbali tu. Fundi wa zamu alikuwa nyumbani, akajaribu kuutengeneza mtambo kutoka huko, asiweze, ikambidi asafiri hadi kazini. Na waliouunda mtambo wenyewe hawakuulizwa mpaka zilipopita saa nne na zaidi.