Sentensi Inayotekelezwa Kuanzia Kulia

Tuseme maboma matatu ya Kajiado yana ng'ombe 4, 7 na 5. Katika lugha ya programu ya kompyuta iitwayo J, iliyoundwa na Kenneth Iverson na Roger Hui mwaka 1990, andika +/ 4 7 5 upate 16, bila kuzunguka boma moja moja. Katika J, alama + huitwa kitenzi. Alama /, iitwayo kielezi, hukiingiza kitenzi hicho kati ya namba zote.

Hapa kuzidisha hakutangulii kujumlisha: 3*2+4 ni 18, si 10 ya darasani. Sababu ni kwamba maneno ya sentensi, yaani namba na alama zake, huhamishwa kuanzia kulia na kuwekwa kwenye rundo. Manne ya juu hukaguliwa, na yakilingana na mojawapo ya kanuni 9, hutekelezwa papo hapo.

Mkazi wa Kitengela, jaribu: 2*4 7 5 itatoa nini?